Kutoka Saa Nne Hadi Saa Nane: Historia ya Kukisaka Kichocho Pemba

Mkojo wa kupima kichocho una saa zake. Hautakiwi wa alfajiri, mtu anapoamka, wala wa jioni. Unaotakiwa ni wa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na mtoto akikimbia kidogo uwanjani kabla hajapewa kichupa, ni bora zaidi. Watoto wa skuli za Pemba wamelizoea jambo hili kwa karibu miaka 40 sasa, na naamini wengi wao hawajawahi kuelezwa sababu yake. Sababu ipo. Imo katika tabia za mnyoo mmoja mwembamba anayejificha ndani ya mishipa ya damu, karibu na kibofu cha mkojo.

Tuitazame Wingwi. Iko kaskazini-mashariki ya kisiwa, katika Wilaya ya Micheweni, na jina lake limegawanywa katika shehia: Wingwi Mapofu, Wingwi Mtemani, Wingwi Njuguni. Watu wake ni wa jembe na wa bahari. Anayeshinda baharini hana la kuogopa kwa upande huu, kwani mdudu wa kichocho haishi kwenye maji ya chumvi. Hatari iko kwenye maji baridi: vijito, vidimbwi, mabonde ya mpunga, pale panapofuliwa nguo na wanapoogelea watoto. Pemba imejaaliwa vilima vingi na mabonde mengi baina yake. Neema hiyo hiyo inayolisha mpunga ndiyo inayomlea konokono mdogo aitwaye Bulinus globosus, na bila ya konokono huyo kichocho hakina njia ya kwenda kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Njia yenyewe ni hii. Mgonjwa anakojoa majini au kando ya maji. Mkojo wake una mayai, na yai likigusa maji baridi hupasuka, kikatoka kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho kina saa chache tu za kumtafuta konokono kabla hakijafa. Kikimpata, humwingia na kuzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa. Hatimaye konokono mmoja huanza kutoa mamia ya vijidudu vya namna nyingine, vyenye mkia uliogawanyika ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu. Hivi hutoka jua likiwa juu, saa ambazo watu wamo majini. Vikigusa ngozi ya mtu, vinaacha mkia nje na kupenya. Havihitaji kidonda wala kumezwa. Mtu anatoka majini akiwa msafi, nguo zake nyeupe, na tayari ameshaambukizwa.

Ndani ya mwili hukua na kuwa minyoo ya kiume na ya kike. Dume lina mfereji mwilini, na jike huishi ndani ya mfereji huo, wamekumbatiana hivyo kwa miaka. Jike hutaga kila siku. Kila yai lina mwiba ncha moja, na mwiba huo huchana ukuta wa kibofu mayai yanapotafuta njia ya kutoka. Hapo ndipo inapotoka damu. Mayai hutoka kwa wingi zaidi katikati ya mchana, yaani saa zile zile ambazo watu wako kwenye maji na konokono yuko tayari. Ndiyo maana kichupa hutolewa saa nne. Mpimaji anajipanga kwa saa ya mnyoo.

Damu hiyo imewahangaisha watu kwa muda mrefu. Mwaka 1910, Marc Armand Ruffer alieleza kwamba amekuta mayai ya kichocho yaliyokauka ndani ya figo za maiti za kale za Misri, watu waliozikwa kiasi cha miaka 3,000 kabla yake. Madaktari wa jeshi la Napoleon waliona askari wao wakikojoa damu huko huko Misri na hawakujua kwa nini. Mnyoo mwenyewe hakuonekana hadi mwaka 1851, pale daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alipopasua maiti katika hospitali moja ya Cairo. Ikapita zaidi ya miaka 60 mingine kabla ya konokono kujulikana: Wajapani Miyairi na Suzuki waligundua nafasi yake mwaka 1913 kwa kichocho cha kwao, na Robert Leiper akaithibitisha kwa kichocho cha Misri mwaka 1915.

Tiba nayo ilikuwa mtihani. Kuanzia 1918, baada ya kazi ya John Christopherson huko Khartoum, mgonjwa alichomwa sindano za antimoni mshipani, moja baada ya moja kwa wiki kadhaa. Dawa ilimtapisha, ilimkohoza, na wakati mwingine ilimgusa moyo. Tiba ya namna hiyo haiwezi kupelekwa kwa watoto elfu moja chini ya mwembe. Hata dawa za kumeza zilizofuata, kama metrifonati, zilihitaji dozi kadhaa kwa siku tofauti, na mtoto wa kijijini aliyekuja siku ya kwanza hakuwa na hakika ya kurudi kwa dozi ya tatu. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipotoka prazikwanteli, iliyotengenezwa na kampuni mbili za Kijerumani, Bayer na Merck. Miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, basi. Vidonge vyake ni vikubwa na vichungu, na anayevimeza na tumbo tupu hujuta, lakini vinafanya kazi.

Dawa ilipopatikana, likabaki swali la nani apewe. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Pemba ilipoingia katika historia ya tiba kwa jina lake lenyewe.

Katika miaka ya 1980, skuli nyingi za Pemba zilikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu. Wavulana walikojoa mkojo mwekundu na wakauona kuwa sehemu ya kukua, maana kaka zao walikuwa hivyo na baba zao walikuwa hivyo. Ugonjwa wa kila mtu hauitwi ugonjwa. Kwa kuwa haumuui mtu siku hiyo hiyo, hakuna aliyeamka usiku kumkimbiza mtoto hospitali. Lakini damu inayotoka tone kwa tone mwaka baada ya mwaka humpunguzia mtoto nguvu na akili ya kusoma, na makovu ya kibofu hufika hadi kwenye figo. Kwa baadhi ya watu wazima huishia saratani ya kibofu.

Mwaka 1986, Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na kwa msaada wa Italia, ilianza mpango wa kukidhibiti kichocho kisiwani Pemba. Daktari mmoja kijana wa Kiitaliano aliyekuwa kwenye kazi hiyo ni Lorenzo Savioli, ambaye baadaye aliongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ingekuwa hospitali kubwa, njia ya kumjua mgonjwa ingekuwa darubini: mkojo wa mililita 10 unapitishwa kwenye kichujio chenye matundu madogo mno, kichujio kinawekwa chini ya darubini, mayai yanahesabiwa moja moja. Kazi hiyo inataka darubini, mtaalamu, mwanga na muda. Pemba ya mwaka 1986 ilikuwa na watoto wengi na darubini chache.

Kilichotumika badala yake ni utepe mwembamba wenye kipande cha manjano kwenye ncha. Unachovywa kwenye mkojo, na kama kuna damu, hata ile isiyoonekana kwa macho, kipande kinageuka kijani. Haupiti muda wa kunywa kikombe cha chai. Utepe hauoni mnyoo wala yai, unaona madhara yao tu. Lakini mahali ambapo karibu kila mkojo wenye damu una kichocho nyuma yake, hilo linatosha. Mtoto ambaye utepe wake uligeuka kijani alipimwa uzito, akapewa vidonge hapo hapo skulini. Baada ya miezi kadhaa watu wa afya walirudi na kupima tena.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro zake. Msichana aliyekuwa katika siku zake angeonekana mgonjwa, na kumuuliza mbele ya wenzake ni kumdhalilisha. Mtoto mwenye minyoo michache, asiyetoa damu siku hiyo, angepita. Hata hivyo faida ilizidi. Matokeo ya utepe kutoka kila skuli yakikusanywa yalionesha ni vijiji vipi kichocho kimekita mizizi na vipi kimegusa kidogo tu. Skuli ikawa dirisha la kuangalia kijiji kizima. Savioli na wenzake waliyachapisha haya mwaka 1989, na wazo lao likasafiri. Huko bara, Kilosa, watafiti wakaenda mbali zaidi wakati huo huo: waliwaachia walimu karatasi ya maswali, mwalimu akawauliza watoto nani amewahi kuona damu katika mkojo wake, na majibu ya watoto wenyewe yakabainisha skuli zenye hatari. Hatua hiyo haikuhitaji darubini wala utepe. Mimi huliona jambo hili kuwa kubwa mno. Mtoto wa miaka 10, akiulizwa kwa heshima na mtu anayemwamini, anajua ugonjwa wake.

Kisiwa kikaanza kuzoeleka kwa watafiti. Miaka ya 1990 walikuja wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kuangalia safura na upungufu wa damu kwa watoto wa skuli. Mwaka 2000 ikafunguliwa Wawi, Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii inayoitwa Ivo de Carneri, kwa jina la mtaalamu wa vimelea wa Pavia, Italia, aliyefariki mwaka 1993. Kabla ya hapo sampuli nyingi za Pemba zilipanda meli au ndege, na majibu yalirudi kwa lugha za watu wengine. Baada ya hapo vijana wa Pemba wenyewe walikaa kwenye darubini.

Naomba nitoke kidogo kwenye kichocho, kwa sababu kuna jambo lililotokea jirani na Wingwi ambalo siwezi kulipita. Konde, katika wilaya hiyo hiyo ya Micheweni, ilichaguliwa kuwa mojawapo ya vituo viwili vya kufuatilia matende na mabusha, kingine kikiwa Kizimkazi, Unguja, wakati Zanzibar ilipoanza kugawa dawa za ugonjwa huo kwa watu wote Oktoba 2001. Mnyoo wa matende una saa zake pia, nazo ni kinyume cha za kichocho. Watoto wake hujificha kwenye mapafu mchana kutwa, na hutoka kwenye damu ya juu juu usiku, saa ambazo mbu wanauma. Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi Amoy, China, ndiye aliyegundua, katika miaka ya 1870, kwamba hutoka usiku. Kwa hiyo wapimaji wa Konde walikwenda usiku, baada ya saa nne, wakawaamsha watu wenye usingizi na kuwatoa tone la damu kidoleni kwa mwanga wa taa. Mwenye mji akikubali kufungua mlango saa tano ya usiku ili atobolewe kidole, hilo ni jambo la kuaminiana, na watu wa Konde waliaminiana na wapimaji wao. Basi katika wilaya moja palikuwa na wapimaji wa aina mbili: wa mkojo wa mchana na wa damu ya usiku. Kila mmoja alifuata ratiba aliyopangiwa na mnyoo.

Turudi kwenye kichocho. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuwapa dawa za minyoo na kichocho angalau asilimia 75 ya watoto wa skuli walio katika hatari. Bei ya prazikwanteli ilikuwa imeshuka kiasi kwamba kumpima mtoto kuligharimu zaidi ya kumtibu. Utepe ukawekwa kando, ikaletwa fimbo: mtoto anasimama kando ya mti uliochorwa alama, urefu wake unaonesha idadi ya vidonge, mizani haihitajiki. Zanzibar ilizindua kampeni yake ikaiita Piga Teke Kichocho. Kitabu cha katuni, Juma na Kichocho, kiligawiwa skulini, watoto wakasoma habari za mwenzao anayeumwa. Vidonge vilimezwa kwa makundi, baada ya chakula, mwalimu akisimamia.

Kwa miaka kumi hesabu zilishuka. Ndipo wazo likabadilika: badala ya kukipunguza kichocho, Zanzibar ikataka kukimaliza. Kuanzia 2012 vidonge viligawiwa mara mbili kwa mwaka, kwa watoto na kwa watu wazima, Unguja na Pemba. Watafiti wa Wizara, wa maabara ya Wawi, wa Taasisi ya Tropiki na Afya ya Jamii ya Uswisi na wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London waligawa shehia katika makundi matatu. Kundi moja lilipata vidonge tu. La pili lilipata vidonge na dawa ya kuua konokono, niklosamidi, iliyopuliziwa mitoni. La tatu lilipata vidonge na elimu ya kubadilisha mazoea: sehemu za kufulia zilizojengwa nje ya mto, vyoo vya kukojolea skulini, na Siku ya Kichocho yenye michezo. Baada ya miaka mitano kichocho kilikuwa kimeanguka sana katika makundi yote matatu, lakini hakikuisha. Palibaki vijiji vilivyokataa kushuka.

Leo kaskazini mwa Pemba mtoto mwenye kichocho ni nadra, kiasi cha mmoja katika mia moja, na katika maeneo mengi hayupo kabisa. Nikifikiria mkojo mwekundu wa miaka ya 1980, nashukuru. Lakini ugonjwa ukiwa adimu, vipimo vyote vilivyouangusha huanza kusema uongo. Mkojo wenye damu si lazima tena uwe kichocho, unaweza kuwa mawe ya figo au maambukizi mengine, hivyo utepe unawashuku wasiohusika. Mtu mwenye minyoo miwili hutoa yai leo na kesho asitoe, hivyo darubini inamwachia aende. Watafiti walipopima mikojo ya Zanzibar kwa kipimo kilichotengenezwa Leiden, Uholanzi, kinachotafuta kemikali ambazo mnyoo hai huzimwaga kwenye damu na mkojo, waliona watu wengi zaidi wameambukizwa kuliko darubini ilivyoonesha.

Na daktari anayehitimu sasa anaweza kufanya kazi kwa miaka bila ya kumwona mgonjwa mmoja. Hilo linanitia wasiwasi hasa kwa wanawake. Mayai ya kichocho hukwama pia kwenye njia ya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu, damu isiyo ya siku zake, na wakati mwingine ugumba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Mwanamke anayeshika mimba kwa tabu, ambaye kosa lake lilikuwa kufua nguo kwenye kijito akiwa msichana, anaweza kutibiwa kwa dawa zisizomhusu, na nyumbani akaulizwa amekuwa wapi. Daktari asiyekikumbuka kichocho hana la kumtetea.

Kumejitokeza na jambo jipya. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba konokono wa Pemba wamekutwa na mnyoo mwingine wa jamii moja na kichocho, wa ng'ombe, ambaye huenda aliingia kisiwani na mifugo iliyoletwa kutoka bara. Kijidudu cha ng'ombe na cha mtu hufanana kwa macho chini ya darubini. Kwa hiyo anayemkuta konokono aliyeambukizwa katika bonde hawezi kusema moja kwa moja kwamba mtu wa hapo ni mgonjwa. Lazima asome vinasaba.

Ndipo kazi iliyofuata, kuanzia mwaka 2020, ikawa ya kufuata nyayo. Shehia ambazo bado zina wagonjwa wengi kidogo zinaendelea kupewa vidonge kwa wote na dawa ya konokono. Kwingine, mtoto akikutwa na kichocho skulini anatibiwa, kisha anaulizwa anaoga wapi, anafua wapi, anavuka maji gani akienda shamba. Wanaokaa naye wanapimwa, wanaotumia maji hayo wanapimwa, na timu inakwenda kwenye maji yenyewe na vyungio vya waya vyenye mpini mrefu kutafuta konokono.

Konokono waliopatikana huwekwa mmoja mmoja kwenye vikombe vya kioo vyenye maji safi kidogo, na vikombe hupangwa juani. Watu hukaa kando na kungoja jua lipande. Kama yupo aliyeambukizwa, itaonekana kadiri mchana unavyokaribia: maji ya kikombe chake, yaliyokuwa matulivu, huanza kuchezacheza kwa vitu vidogo mno vinavyopanda na kushuka. Vijidudu visipotoka siku ya kwanza, konokono huhifadhiwa, na wanarudishwa juani siku nyingine.